Bega la Katibu

Mke wangu alipiga picha mtaa mzima, lakini yeye mwenyewe hakuwa na picha. Acha niliseme hilo mapema, maana nikianza na wale wakubwa wa hospitali nitasahau nilikuwa nataka kusema nini.

Anayeshika kamera hayumo kwenye picha. Hata mtoto analijua hilo. Mimi nililijua siku ya msiba. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliniita pembeni: "Shemeji, tafuta picha ya dada tuiweke mezani, watu wanaanza kuingia." Nikaleta kamera. Yeye akawa anabonyeza, mimi nachungulia. Mimi nimelala kwenye kochi mdomo wazi. Mimi juu ya paa la jirani nafunga tangi. Harusi ya mtoto wa dobi mwenzake. Kuku. Mimi tena, nimenuna. Mapacha wa nyumba ya nyuma wamevaa sare mpya. Yeye hakuonekana popote, isipokuwa kidole chake kimoja kilichojitokeza pembeni mwa picha ya kuku.

Mwishowe tukakuza ile ya kitambulisho. Mnaijua picha ya serikali: wanakukalisha kwenye stuli, wanakuambia usicheke, wanakupiga kama wanakushtaki. Ilipokuzwa ikawa kama mtu anayechungulia nyuma ya dirisha lenye mvua. Watu wakapita mbele yake wanalia, na mimi nimesimama pale najiuliza wanamlilia nani, maana yule mimi simjui.

Binti yetu anaishi mbali. Juzi juzi kajifungua mtoto wa kike, akampa jina la bibi yake, kisha akanipigia simu. "Baba, nataka picha ya mama. Nzuri. Ile anayocheka. Mtoto akikua amjue aliyemrithi jina."

"Ipo," nikamwambia.

Sikumdanganya. Ilikuwepo moja, ila haikuwa kwangu. Ilikuwa hospitalini, imetundikwa ukutani kwenye ukumbi wa mapokezi, nyuma ya kioo.

Mke wangu alikuwa dobi wa hospitali ile. Mashuka waliyolalia wagonjwa wa nusu ya mji huu yamepita mikononi mwake. Siku ya kumstaafisha wakampa kamera ndogo ya dijitali, ya rangi ya fedha, inayoingia mfukoni. Msidhani walijua anapenda picha. Kamera ilikuwa stoo, imeletwa na wafadhili, hakuna aliyejua kuitumia, wakaifunga utepe wakaiita zawadi. Yeye aliipokea kwa mikono miwili kama amepewa kifaranga.

Ndipo wakasimama kupigwa picha ya pamoja. Katikati Katibu wa hospitali, yule anayeshika funguo zote kuanzia za dawa hadi za vyoo. Pembeni wanaostaafu, mke wangu akibanwa na bega lake, kama vile sherehe ilikuwa ya Katibu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mpiga picha, juu ya ndoo. Nikamwona Katibu anavuta pumzi na kuingiza tumbo ndani hadi shati likalegea. Nikamtazama mke wangu, na mimi nikaingiza langu. Akacheka. Wenzake wote wametazama kamera, yeye anacheka na mimi, na hapo hapo mpiga picha akabonyeza. Kwa hiyo kicheko kile ni changu. Nakisema hivyo hata mbele ya hakimu.

Halafu akaugua. Wakamlaza pale pale, kwenye godoro tupu. Nikauliza shuka liko wapi. "Mashuka yamekwisha, mzee, lete la kwako." Mwanamke aliyefua mashuka yao mpaka alama za vidole zikafutika! Nikaenda nyumbani kuchukua shuka, na niliporudi nalo hakulihitaji tena kwa kulalia. Nani aliulizwa? Hakuna. Katibu alituma salamu za rambirambi kwa mdomo wa dereva.

Basi. Mlinzi wa mlangoni, ambaye tunafahamiana kwa kuwa bomba lake la nyumbani nililitengeneza mimi, aliniambia kwamba ukumbi utapakwa rangi. Wageni wakubwa wanakuja kukagua. Picha za zamani zote zitashushwa.

Nikaenda kwa Katibu. Nilivaa koti la harusi.

"Mheshimiwa, naomba ile picha ishushwe kidogo tu, niipeleke kwa mpiga picha anitolee nakala, niirudishe leo leo."

Hakuinua uso. "Picha ipi?"

"Ile ya waliostaafu. Mke wangu yumo."

"Ile ni mali ya taasisi, mzee. Mali ya taasisi haitoki nje."

"Basi nisaidieni kuitoa kwenye kioo, niipige hapo hapo."

"Kioo nacho ni mali ya taasisi."

Nikamwangalia. Nilitaka kumuuliza kama mke wangu naye alikuwa mali ya taasisi, maana ndivyo walivyomtumia. Lakini nilikuwa na shida, na mwenye shida humeza mengi. Nikasema asante. Asante!

Kesho yake nikaenda na kamera ya marehemu. Mlinzi akaniacha, kamera yenyewe ndogo, nani ataijali. Nikasimama mbele ya picha, nikabonyeza. Nikaangalia. Dirisha. Ukumbi ule una dirisha la ukuta mzima upande wa pili, na mwanga wake wote unakuja kutua juu ya kioo cha picha. Mke wangu kapotea ndani ya mwanga, kabaki na sketi. Nikasogea kushoto, dirisha likanifuata. Nikasogea kulia, nikapata Katibu safi kabisa, hata kalamu za mfukoni zinahesabika, lakini mke wangu hola. Nikavua koti nikaliinua juu kwa mikono kuzuia mwanga. Sasa nani abonyeze?

"Mzee," mlinzi akasema, "unavua nguo kwenye ukumbi wa hospitali. Unataka wanifukuze kazi?"

"Sivui nguo, nazuia jua."

"Jua hulizuii kwa koti. Vaa, nakuomba."

Wagonjwa kwenye mabenchi walikuwa wanacheka. Walikaa tangu asubuhi bila kuonwa na daktari, angalau nimewapa cha kutazama.

Ndipo nikaenda kwenye duka la kamera. Liko nyuma ya soko, chumba chembamba, ukutani kuna pazia la buluu la kupigia picha za pasipoti. Mwenye duka ni mama mmoja wa makamo, miwani kaipandisha kichwani, na anaongea na wateja watatu kwa mara moja. Nikamweleza. Alisikiliza huku anamnyoosha mteja kidevu.

"Baba, hilo dawa yake ipo," akasema. "Kuna kioo cheusi cheusi, kichujio. Unakifunga mbele ya lenzi. Usisimame uso kwa uso na picha, simama upande kidogo, kisha kizungushe polepole. Utaona mwanga wa dirisha unakufa wenyewe."

"Nipe hicho."

"Taratibu. Kamera yako ni hizi ndogo. Mdomo wake hauna uzi, kama ule wa skrubu, wa kufungia kitu. Lazima upate adapta kwanza."

Akachukua kamera ya marehemu. Shingoni mwa lenzi kuna pete ya fedha ambayo mimi nilidhani ni urembo. Akabonyeza kitufe pembeni, akaizungusha, pete ikatoka. Chini yake kulikuwa na meno. Nilishtuka kana kwamba kamera imepiga miayo. Miaka yote ile, na hakuna hata mmoja wa wale waliofunga utepe aliyemwambia mke wangu kwamba kamera yake ina meno!

"Adapta ndiyo hii," akasema, akaweka sinia dogo mbele yangu. "Upande huu unashika meno, upande huu kuna uzi wa kufungia kichujio. Ila zipo za namna namna. Subiri nimalize na huyu nikuchagulie."

Nikatazama sinia. Niwaambie ukweli, moyo wangu ulitulia. Zilikuwa bomba! Bomba fupi fupi nyeusi, zina uzi mwisho, dume na jike kama kazi yangu yote ya maisha. Shule mimi niliipitia mlangoni, lakini bomba hanifundishi mtu. Kulikuwa na fupi, ya kati, na ndefu. Mama wa duka alikuwa bado anabishana na mteja kuhusu masikio yake, kwamba kwenye pasipoti lazima yaonekane yote. Nikajaribu zile adapta moja moja. Zote zilishika meno.

Nikachagua fupi. Fundi bomba yeyote angechagua fupi. Kiungo kifupi hakichezi, hakivuji, hakivunjiki ukikigonga. Nikafunga kichujio juu yake, kikakaa sawasawa.

"Nimeshapata, mama."

"Umejaribu kuiwasha?"

"Nimepata, nimekuambia. Mimi ni fundi."

Akanitazama, akamtazama yule wa masikio, akanifungia kwenye karatasi. Alisema kitu nyuma yangu, lakini mimi nilikuwa nimeshatoka.

Nyumbani nikakaa mezani, nikaiwasha kamera. Msifanye hivyo. Lenzi ikaanza kutoka kama kawaida yake, maana lenzi za hizi kamera hulala ndani na hujitokeza ukiwasha, na mimi nilikuwa nimeshaiona inatoka mara ngapi! Ikatoka, ikagonga kile kioo nilichofunga mbele yake. Krrr. Ikarudi. Ikatoka tena. Krrr. Ikalia kama mtoto aliyebanwa mkono mlangoni, kisha kioo cha nyuma kikaandika maneno mekundu, kikazima.

Bomba halirefuki ukifungua maji. Ndiyo maana sikuwaza.

Nilikaa pale na kamera mkononi. Nikaanza kuwalaani watu kwa mpangilio. Nikamlaani aliyetengeneza kamera inayotoa shingo kama kobe. Nikamlaani mfadhili. Nikamlaani Katibu, huyo nikarudia. Kama wangeshusha picha ile kwa dakika chache tu, mimi ningekuwa na haja gani ya bomba la kamera? Mtu mmoja anakataa kuinua mkono akachomoa picha kwenye msumari, na mtu mwingine anazunguka mji mzima na vyuma kutafuta uso wa mkewe. Na huyo wa kwanza ndiye anayeitwa mheshimiwa.

Nikarudi dukani. Nikaiweka tu juu ya meza.

Mama wa duka akateremsha miwani. "Fundi," akasema.

"Usinicheke."

"Sikucheki. Nacheka kikohozi." Akafungua ile adapta fupi, akawasha kamera, lenzi ikatoka, ikarudi, ikatoka, ikanyamaza ikiwa imenyooka vizuri. Ikapona. Nilipumua mpaka karatasi za mezani zikapeperuka. "Una bahati. Wengine huniletea ikiwa imevunjika meno ya ndani. Sasa njoo huku, baba, tuchague kama watu wazima."

Akafunga ndefu. Akaniambia nitazame kwenye kioo cha nyuma. Pembe zote za picha zilikuwa nyeusi.

"Unaona nini?"

"Naona kama nachungulia ndani ya bomba."

"Ndiyo hivyo, ndefu mno, inajiona yenyewe. Na fupi inabana lenzi. Tunataka ambayo lenzi ikitoka yote ibaki na nafasi ya kupumua, na pembe zisiwe nyeusi." Akafunga ya kati. Akaivuta lenzi mbele hadi mwisho. Haikugusa. Pembe zikawa safi. Akakifunga kichujio, akaielekeza kwenye kioo cha kabati lake, akasogea upande, akazungusha ile pete kwa vidole viwili. Ule mwanga wa mlangoni uliokuwa juu ya kioo ukafifia, ukafifia, nikaziona kofia za lenzi zilizokuwa ndani ya kabati.

"Mkeo alikuwa anaitwaje huku mtaani?" akaniuliza.

"Mama Picha."

"Aa! Yule aliyekuwa ananiletea picha za kusafisha, anacheka tangu barabarani?"

"Huyo huyo."

Akanibadilishia adapta bila kusema zaidi, akaifuta kwa kitambaa.

Nikaenda hospitalini mbio mbio. Ngazi za wapaka rangi zilikuwa zimeshaingia ukumbini, nikaziona kutoka mlangoni. Mlinzi akanyanyua mkono.

"Simama hapo, mzee. Hiyo ni nini?"

"Kamera. Si ile ile ya jana?"

"Ya jana ilikuwa ndogo. Hii ina mdomo."

"Ni adapta tu. Ukiitoa ni ile ile."

"Hii ni kamera ya waandishi wa habari. Katibu kasema mwenye kamera kubwa haingii bila kibali, wagonjwa wa kwenye mabenchi wasije wakaonekana magazetini."

Mmesikia? Hakusema wagonjwa wasikae kwenye mabenchi. Kasema wasionekane! Nikamwambia, "Mwanangu, mimi na wewe tunajuana, bomba lako lile..." Akaangalia pembeni. "Nijue tu hivyo hivyo, mzee, lakini nina watoto." Na mimi sikumlaumu. Anayestahili lawama alikuwa juu, kwenye kiti kinachozunguka.

Nikarudi nyumbani natembea na kusema peke yangu njia nzima. Nikachukua mkoba wangu wa kazi. Nikaweka spana ya bomba, tepu nyeupe, soketi, elbo, vipande vya bomba. Nikaifungua adapta kwenye kamera nikaitupa katikati ya vile vipande, kichujio nikakifunga ndani ya kitambaa cha mafuta, kamera mfuko wa ndani wa koti la kazi. Nikavaa buti.

Mlinzi akafungua mkoba. Akatoa soketi, akarudisha. Akatoa elbo, akarudisha. Akatoa adapta. Akaizungusha, akachungulia upande huu, akaniona upande ule.

"Na hii?"

"Soketi ya kupunguza bomba."

Tukatazamana kupitia ndani yake. Naapa alijua. Akairudisha mkobani kwa utaratibu mkubwa. "Pita, fundi. Choo cha ghorofa ya pili kinavuja tangu mwaka jana."

Ukumbini wapaka rangi walikuwa wanatandika magazeti sakafuni. Picha za ukuta wa mbali zilikuwa zimeshashushwa, zimeegemezwa kama sahani chafu. Yangu ilikuwa bado juu. Nikapiga goti, nikafunga adapta: meno, robo mzunguko, ka! Nikafunga kichujio. Nikawasha. Lenzi ikatoka, haikugusa kitu. Nikasimama upande, si mbele, kama nilivyoambiwa. Kwenye kioo kidogo nikaona lile dirisha jeupe limemkalia mke wangu usoni. Nikaanza kuzungusha. Polepole. Dirisha likapungua. Nikaona kidevu. Nikaona jino lake la pembeni lililopanda juu ya mwenzake. Nikaona...

"Wewe!"

Katibu. Kasimama nyuma yangu na wapambe wake. Na kabla sijabonyeza, mpaka rangi mmoja aliyeogopa sauti ile akapanda ngazi haraka haraka kuonyesha anafanya kazi, akaichomoa picha kwenye msumari. Kirahisi hivyo! Mkono mmoja. Nilichoomba mimi nikiwa na koti la harusi.

"Unafanya nini hapa na kamera?"

"Nampiga picha mke wangu."

"Mke wako yuko wapi?"

"Huyo hapo. Pembeni yako. Yuko pembeni yako tangu siku ile, hujamwona bado?"

Wapaka rangi wakageuka. Hata mabenchi. Katibu akaitazama picha mikononi mwa mpaka rangi, akajitazama yeye mwenyewe hasa, jinsi alivyokuwa kijana. Kisha akacheka kile kicheko cha wakubwa cha kukupapasa mgongo bila kukugusa.

"Aah, mzee, si ungesema tu! Chukua. Hizi zote zinakwenda jalalani, tunaweka mpya za mgeni wetu."

Si ungesema tu.

Ningekuwa na meno ya kamera ningemng'ata. "Nilisema," nikamwambia. "Nilikuja ofisini kwako. Ukaniambia mali ya taasisi. Leo ni takataka ya taasisi, ndiyo napewa mimi. Shuka la mke wangu nalo nilisema, wakaniambia nilete la kwangu. Nyinyi husikia tu kile mnachotaka kutupa."

"Mzee ana msiba bado," akawaambia wapambe wake, na wakatikisa vichwa kwa huruma, na wakapita. Hivyo ndivyo wanavyokushinda. Wanakuonea huruma.

Nikaibeba ile picha kichwani, fremu nzima, Katibu na wote, mpaka nyumbani. Mabenchi walinipigia makofi. Mlinzi alinifungulia mlango pande zote mbili.

Nyumbani nikailaza mezani kifudifudi. Nikang'oa misumari ya nyuma kwa koleo, nikaondoa ubao. Nikashika pembe ya karatasi kuinua. Haikuinuka. Nikavuta kidogo upande wa Katibu, nikasikia sauti ya kitu kinachochanika. Nikaacha pale pale, mikono hewani.

Ilikuwa imeganda. Ukuta ule ndio wenye bomba linalovuja kutoka ghorofa ya pili, choo kile kile kilichosubiri fundi tangu mwaka jana. Unyevu umeshuka ndani ya ukuta, ukaingia kwenye fremu, picha ikashikana na kioo kama ngozi. Ukiivuta, uso unabaki kwenye kioo na wewe unabaki na karatasi nyeupe. Walishindwa kumpa shuka, walishindwa kuziba choo, na kushindwa kwao kumenifuata mpaka juu ya meza yangu!

Nilikaa chini. Nikalia, basi, nikalia, kwa hasira zaidi ya huzuni. Kisha nikaiona kamera kwenye mkoba, bado na ile adapta yake ya kati mdomoni, imelala katikati ya elbo kama mojawapo.

Nikaisimamisha fremu kwenye kiti. Chumba chetu nacho kina dirisha, na dirisha nalo likaja kukaa juu ya kioo. Lakini safari hii hakukuwa na mlinzi wala Katibu. Nikasimama upande. Nikazungusha pete. Dirisha likafifia, kidevu kikaja, jino likaja, macho yakaja, na mke wangu akacheka na mimi kutoka kule pembeni walikomweka. Bila kufikiri nikaingiza tumbo ndani.

Nikabonyeza.

Nikapeleka dukani. Mama wa duka akaifungua kwenye kompyuta yake, akaikuza mpaka ikajaa. Yule wa nyuma yangu kwenye foleni akauliza, "Huyu alikuwa anacheka nini hivyo?"

"Ananicheka mimi," nikamwambia.

"Itatoka vizuri sana," mama wa duka akasema. "Nimtumie na binti yako kwenye simu?"

"Mtumie."

"Ila kuna hili bega hapa." Akaonyesha kwa kalamu. Bega la suti, limeingia mbele ya mkono wa mke wangu kama mtu anayeruka foleni. "La nani?"

"La Katibu."

"Nilikate? Ni karibu sana, naogopa nisije nikamgusa mama."

"Kata," nikamwambia. "Na mkono ukiteleza, uteleze upande wake."